Kiraka cha Yesu

Binti wa fundi cherehani alikuwa na miaka sita, na mtaa mzima ulimwita Kwanini. Si jina la ubatizo, ni la kujitakia. Alishamuuliza mchungaji Mungu analala upande gani, akamuuliza muuza mkaa kama mkaa huumia ukiungua, na majibu ya kuzuga hakuyataka hata kidogo. Wiki hiyo maswali yake yote yalikuwa juu ya viraka.

Vita ilikuwa imefika nyuma ya milima. Watu wenye bunduki waliingia mashuleni wakaondoka na watoto, wakubwa wabebe risasi, wadogo wabebe maji. Kanisa likapata lori la kuwavusha watoto thelathini na wawili hadi ng'ambo ya mto, ambako bado kulikuwa shwari. Kila mtoto avae kiraka cheupe kifuani: jina, mzazi, mtaa. Kwenye kizuizi cha darajani, asiye na kiraka anashushwa. Kazi hiyo akapewa yule fundi, mama yake Kwanini, maana nani mwingine pale mtaani angeandika kwa uzi na herufi zikanyooka?

Orodha ya majina aliibandika ukutani, juu ya cherehani. Jina la mwisho lilikuwa la binti yake, na kila alipolifikia jicho lilikwepa. Tuseme ukweli: hakutaka mwanawe aende. Mwaka juzi baba wa mtoto alipandishwa lori la jeshi. Fundi mwenyewe alimkabidhi kifurushi cha nguo, akapunga mkono mpaka bega likauma, na tangu siku hiyo kimya. Lori la pili? Thubutu! Lakini kumwambia mwalimu wa shule ya Jumapili "wangu haendi", huku anawashonea wa wenzake, aliona haya. Akakata shauri: kiraka cha Kwanini hatakishona. Dereva atamkataa, na yeye atakuwa hajafungua mdomo.

"Mama," Kwanini aliuliza akiwa kwenye kigoda chake, anaokota vipande vya uzi, "Yesu naye anakwenda?"

"Anakwenda. Si mwalimu amewaambia atakuwa pamoja nanyi?"

"Sasa mbona hujamshonea?"

"Yesu hahitaji kiraka, bwana wee."

"Akipotea je? Watamrudisha wapi?"

Fundi akacheka, ndiyo mara ya kwanza tangu Jumatatu. Akachukua kitambaa, akaandika Yesu kwa uzi wa buluu. "Haya, mzazi nani?"

"Wewe."

"Mimi tena! Na mtaa?"

"Si huu wetu? Kila jioni unasali, 'Bwana, kaa nasi.' Basi anakaa hapa."

Ubishi wa nini? Akaandika: fundi cherehani, nyuma ya kanisa. Jioni mwalimu alikuja, akahesabu viraka harakaharaka bila kuvisoma, akapata thelathini na viwili kamili. Akamshukuru fundi sana, na zile shukrani zilimchoma.

Asubuhi lori lilisimama mbele ya kanisa, injini inanguruma. Fundi alipita na sindano, anashonea mtoto mmoja baada ya mwingine kifuani, nao wanapanda. Mwishowe akabaki Kwanini chini peke yake, na mwalimu mkononi ana kiraka kimoja. Akakisoma, akakunja uso, akakisoma tena kwa sauti.

"Huyo Yesu ni yupi?" dereva akapiga kelele. "Apande, tunachelewa!"

Watoto wakaangua kicheko. Fundi akatamani ardhi ipasuke.

"Amesema anabaki," Kwanini akajibu.

"Amekwambia lini?" mwalimu akauliza.

"Leo, nilipokuwa nasali. Nilimwambia, wewe ukienda na sisi, mama atakaa na nani? Bora ubaki naye, mimi niende na kiraka chako. Hakukataa."

Fundi akapiga magoti kwenye vumbi. "Kumbe ulijua sijakushonea chako?"

"Nilivihesabu. Ukitoa cha Yesu, kinapungua kimoja."

"Na hukuniuliza kwa nini? Wewe?"

Kwanini akamgusa shavu. "Niliona unaogopa."

Hapo fundi alilia, tena mbele za watu, bila kujificha. Alitaka kumbeba akimbie naye nyumbani, afunge mlango, cherehani aisukumie mlangoni. Kisha akasikia mlio mzito kutoka milimani, na watoto kule juu wakanyamaza wote kwa pamoja.

Akatunga uzi. Alijichoma mara mbili, lakini alishona pande zote nne kwa uzi wa kukunja mara mbili, kiraka kikashika barabara.

"Kwa nini umeacha uzi mrefu huku ndani?"

"Usiuvute, sawa? Ukirudi nitauvuta mimi, kiraka kitoke."

"Nitarudi lini?"

"Sijui, mwanangu."

Kwanini alilifikiria jibu hilo, akaliona ni la kweli, akanyoosha mikono apandishwe. Mama yake ndiye aliyempandisha. Dereva alimwangalia mtoto, akaangalia kiraka. "Haya, Yesu, shika chuma hicho usianguke," akasema, akaondoa lori.

Fundi alirudi nyumbani. Vipande vya uzi vilikuwa vimekusanywa kwenye kifuniko cha kopo, vya buluu pembeni. Alikaa kwenye cherehani bila kushona. Kisha akakivuta kile kigoda kitupu karibu yake, akakifuta vumbi kwa kanga.

"Haya, karibu ukae," akasema. "Ila nina maswali."