Pindo la Vidole Vinne

Masharti ya likizo yalikuwa mawili, na yote niliyaweka mimi. La kwanza, mfuko wa spana ubaki nyumbani. La pili, mtu asinishike tumbo bila kuniomba. Hatujafika hata nusu ya safari, gari likaingia shimoni, na chini ya kiti changu chuma kikagongana na chuma.

"Nini hicho?" nikauliza.

"Jeki," akasema mume wangu.

"Jeki yetu imeanza lini kuwa na zipu?"

Akajifanya anaangalia barabara. Mume wangu ni fundi wa mafriji, na mimi nashona sare za shule, kwa hiyo nyumbani kwetu kila kitu hupimwa, hufunguliwa au hukazwa. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Kliniki walikuwa wananingoja Ijumaa ya wiki iliyofuata, na kabla ya shule kufunguliwa nilikuwa na rundo la sketi za kumaliza. Katikati ya hayo yote nilikuwa nimechomoa siku nne, nikasema tunakwenda ziwani, na atakayenipinga ajishonee mwenyewe.

Kiti cha nyuma alikaa binti yetu wa miaka mitano. Tunamwita Bosi, na jina hilo hatukumpa bure. Tangu tumwambie kwamba kuna mtoto anakuja, Bosi alikuwa hajalisemesha tumbo langu hata neno moja. Watoto wa majirani walikuja kulisalimia, wakaliuliza kama limekula. Yeye alilipita kando tu, kama watu waliokosana wanavyopishana sokoni. Hilo liliniuma kuliko mgongo. Mimi na dada yangu tulianza hivyohivyo, na mpaka leo tunaongea misibani tu.

"Furahia, Bosi," baba yake akamwambia huku akimtazama kwenye kioo. "Hii ndiyo likizo ya mwisho tukiwa watatu. Tukirudi nyumbani, mtoto anakuja."

Bosi akageukia dirisha. Nami sikulitia maanani, maana nilikuwa nawaza nitakavyolala mchana.

Nyumba ya wageni ilikuwa na vyumba vinne, kibaraza kirefu na ngazi tatu za kushukia ufukweni. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, mama mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye kila mtu kwake alikuwa "mwanangu". Siku tatu zilikwenda vizuri mno. Bosi alichimba mashimo mchangani mpaka akafikia maji. Baba yake alimfundisha kuelea. Mimi nililala mchana miguu ikiwa juu ya ndoo iliyofunikwa, na sikushona chochote isipokuwa kifungo kimoja, nacho kilikuwa changu.

Jumapili ilikuwa siku ya kuondoka. Tukiwa kwenye chai, friji ya mwenye nyumba ikatoa mlio mrefu, ikanyamaza. Mume wangu akaacha kutafuna. Nilimwona masikio yakimsimama.

"Hapana," nikasema.

"Sijasema kitu."

"Unataka kusema."

"Mama Bosi, kuna samaki humo ndani. Tumwachie mama wa watu samaki waoze?"

Kufumba na kufumbua jeki yenye zipu ilikuwa sakafuni, imefunguliwa. Kazi ikachukua siku nzima. Bosi ndiye aliyemshikia tochi, na nilimsikia akiuliza:

"Kwa hiyo kitu kikiharibika, hatuondoki?"

"Fundi hawezi kumwachia mtu kitu kibovu."

"Hata kama mabegi yako kwenye gari?"

"Hata kama."

Nikadhani mtoto anamsifu baba yake. Mchelea mwana kulia hulia yeye, husema wakubwa, lakini hawakusema chochote kuhusu anayemshikisha mwana tochi.

Jumatatu asubuhi tumeshapakia mizigo, nimeingia chumbani kuangalia kama tumesahau kitu, nikakuta wavu wa feni unaning'inia upande mmoja. Skrubu tatu hazipo. Maduka yalikuwa mbali, na mume wangu alirudi saa tisa mchana na skrubu zisizoingia. Akazikata kwa msumeno, moja moja, huku akipiga mluzi. Tukalala tena.

Jumanne zamu ilikuwa ya mlango wa bafu. Mwenye nyumba aliingia kuoga, akajifungia, kisha tukasikia sauti yake ileile ya chini.

"Fundi, mwanangu. Nipo humu. Mkono wa kitasa umenibakia mkononi. Sina haraka, ila sabuni inanikaukia."

Ilibidi mlango mzima ung'olewe kwenye bawaba. Mama wa watu akatoka na taulo lake na heshima yake yote, akasema ahsante, akaenda chumbani kwake. Mimi nikamvuta mume wangu nyuma ya nyumba, uvumilivu ukiwa umenishinda.

"Baba Bosi, niangalie machoni. Nani amefungua kile kitasa?"

"Mimi nitajuaje?"

"Nyumba hii imesimama miaka mingi. Umeingia wewe, imeanza kumwaga skrubu."

"Unafikiri naharibu vitu ili nivitengeneze?"

"Nafikiri hujui kukaa. Umeona likizo imekuwa ndefu, ukajitafutia kazi."

Akaapa kwa mama yake. Mama yake yuko hai na hana habari anavyotumika kila wiki. Nikamwambia kesho alfajiri tunaondoka hata kama paa litaanguka, nikaenda kufua, kwa sababu nikikasirika lazima nishike kitambaa.

Nguo ya juu kabisa kwenye rundo ilikuwa gauni la njano la Bosi. Hapa inabidi nieleze kidogo kazi yangu. Gauni la mtoto huliachia pindo pana kwa chini, vidole vinne hivi, unalishikiza kwa mishono ya kulegea. Mtoto akirefuka unalishusha, gauni linaendelea. Wazazi wote wanaonijua hunidai pindo hilo. Basi nililichovya gauni kwenye beseni, na pindo likagonga beseni, nga.

Nikaliinua. Zito. Nikalipapasa, nikakuta mshono mmoja umefumuliwa kwa ustadi, nafasi ya kupitisha kidole cha mtoto. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu wangu hata hakuhangaika kujificha mbali. Nikatoa skrubu tatu za feni. Nikatoa nne za kitasa, na kile chuma cha mraba kinachoshika mikono yake miwili. Mwisho kabisa nikatoa kifuniko cha valvu ya tairi, cha gari letu. Hayo yalikuwa maandalizi ya Jumatano.

Bosi alikuwa amekaa kwenye ngazi, hana hili wala lile.

"Bosi, njoo."

"Sijafanya kitu."

"Sijakuuliza kitu."

Akaja. Alipoziona skrubu kwenye kiganja changu, akaangalia miguu yake.

"Umefungua na nini?"

"Bisibisi ya baba. Ile ya bluu."

"Kwa nini, mwanangu? Bibi amefungiwa bafuni na sabuni mwilini. Kwa nini?"

Akachora mchangani kwa kidole gumba cha mguu.

"Baba alisema tukirudi nyumbani mtoto anakuja," akasema. "Tusiporudi, haji."

"Wewe hutaki aje?"

"Aje. Lakini si sasa." Akaufuta mchoro kwa unyayo. "Zamu yangu haijaisha."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali, yote yakanipotea. Anajua habari za zamu kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha, kwenye bembea ya shule: mwenzako akija unateremka, unampisha, hulii. Nikaona aibu. Nikataka kumwambia kwamba huku hakuna kuteremka, kwamba mimi nitaongeza nafasi, lakini mtoto wa miaka mitano humdanganyi kirahisi. Alikuwa ameliona tumbo lilivyomlia nafasi ya kukaa mapajani.

Hata hivyo nilimgombeza, maana kosa ni kosa. Nikampeleka kwa mwenye nyumba akarudishe mali na kuomba radhi. Mama yule akazipokea skrubu, akazigeuza moja moja kwenye mwanga.

"Hakuna hata moja iliyoliwa kichwa," akasema. "Mkono mzuri. Usirudie tena, mwanangu."

"Sitarudia, bibi."

Baba yake alipoambiwa alijaribu kukunja uso, uso ukakataa.

"Ile ya bluu?" akamuuliza. "Kwa kitasa, hiyo ndiyo yenyewe."

Nikamkanyaga mguu. Mimi nilimdai radhi kwa mfuko wa spana, naye alinidai radhi kwa kumsingizia, tukasameheana bila kuongea, kama kawaida yetu.

"Kesho tunaondoka?" Bosi akaniuliza.

"Kesho tunaondoka."

Hakulia. Afadhali angelia. Alirudi kukaa kwenye ngazi akanipa mgongo, mimi na tumbo langu, mpaka chakula kikaiva. Nikaona kabisa tunavyorudi nyumbani na huyu mmoja akiwa ameshashindwa kabla mwenzake hajafika, na nikamkumbuka dada yangu.

Jumatano niliamka kabla yao. Jua lilikuwa linachomoza na mwenye nyumba anafagia kibaraza. Nilikwenda garini kuweka chupa za maji, na nilikuwa na nia hiyo tu, naapa kwa mama mkwe wangu. Kisha nikakaa kwenye kiti cha dereva nikafikiri. Kliniki ni Ijumaa. Njia ni ya siku moja. Sketi hazina miguu ya kunikimbia. Basi Jumatano hii ni ya nani?

Mwaka jana gari letu liligoma katikati ya barabara. Mume wangu alihangaika nalo kwa saa mbili, kwa sababu gari si friji, ingawa hatakubali. Akaja fundi magari akainama chini ya usukani, akachomoa fyuzi nyekundu iliyoungua, akaweka nyingine. Mume wangu alikuwa ameinamia injini upande wa mbele, hakuona. Niliyeona ni mimi.

Nikainama, kwa taabu, maana tumbo na usukani havipatani. Nikaichomoa. Fyuzi ni kitu kidogo, kama kucha ya kidole gumba, chenye miguu miwili ya bati. Gauni langu la mimba lina pindo pana kama la Bosi, nani ajuaye nitafika ukubwa gani. Nikafumua mishono miwili, nikaitumbukiza, nikaishona. Huwa sitoki bila sindano.

Baada ya chai tukaaga. Mabegi ndani, Bosi nyuma, uso umefungwa. Mume wangu akawasha. Gari likakohoa, likakohoa tena, likakata tamaa.

Akageuka polepole kumtazama binti yake.

Bosi akainua mikono yote miwili. "Safari hii si mimi."

"Bosi."

"Si mimi, baba. Niangalie kwenye pindo."

Akaliangalia. Alilipapasa pande zote, safi. Bosi akashuka garini midomo imemtoka, amesingiziwa na dunia nzima, akaja kukaa kando yangu kwenye ngazi, mahali nilipokuwa nimeshakaa na kujitia hamnazo. Baba yake akafungua boneti akaitazama injini kwa adabu kubwa, mikono kiunoni, kama mgeni aliyeulizwa njia.

"Hata mimi nikisema kweli hamniamini," Bosi akanung'unika, akaniegemea.

"Mimi nakuamini."

"Kwa nini?"

Mkono wake ulikuwa umeangukia kwenye gauni langu, karibu na goti, na vidole vyake vikawa vinachezea pindo. Vikasimama. Vikarudi nyuma kidogo. Vikabonyeza kile kitu kigumu, vikakipima urefu na miguu yake miwili ya bati. Akainua macho kunitazama. Mimi nikatazama ziwa.

"Mpaka kesho asubuhi tu," nikasema polepole. "Kesho tunarudi kweli."

Akafikiri. Niliona zile hesabu zikipita usoni mwake, siku nzima, mashimo mangapi, kuelea mara ngapi.

"Mama Bosi!" mume wangu akaita kutoka chini ya boneti. "Ile siku liligoma barabarani, tatizo lilikuwa nini vile?"

"Sikumbuki, mume wangu."

Bosi akafunika mdomo kwa viganja. Mabega yakamtikisika. Kisha akaacha kucheka ghafla, akalitazama tumbo langu kwa mashaka, kama mtu aliyegundua kwamba muda wote ule kulikuwa na mwingine anasikiliza. Akasogea. Akagonga kwa kidole kimoja, mara mbili, ubavuni, mlangoni pa mwenzake. Akaweka mdomo pale pale.

"Wewe," akanong'ona. "Usimwambie baba."