Msimamizi wa Winfrida

Mjukuu wangu Winfrida alikuja kijijini kwetu Natta na fomu za utafiti wa chuo, atuulize wanawake habari za kuzaa kwetu. Tuliacha palizi, tukaketi naye, wanawake kumi na mmoja.

"Kitendawili," nikamwambia, nilipoona amekuja peke yake.

"Tega, bibi."

"Nauliza siri za watu, nikikosea hakuna wa kunikemea."

Akainamisha kichwa. "Ni mimi. Msimamizi wangu hajasomea utafiti wa kuhoji watu, hawezi kunikosoa."

"Basi hatujibu. Hapa nyumbani huulizi mambo ya uzazi bila shangazi yako kukaa pembeni, mbona huko chuoni wanakuacha peke yako?"

"Bibi, nitachelewa kuhitimu!"

"Chelewa, mama."

Akafunga fomu bila kuhoji hata mmoja. Asubuhi alipanda basi la Mugumu kurudi chuoni, akadai apewe msimamizi mwenye sifa.