Mbuzi wa Warda Waliofichwa Bondeni

Habari ilikuwa imezagaa kijiji kizima cha Chumbi: maofisa wa mpango wa kaya maskini wanapita nyumba kwa nyumba, na aliyeinuka kimaisha anaondolewa. Warda, mjane mwenye mtoto mmoja, alikuwa akiishi kwa ruzuku ya mpango huo tangu mumewe afe. Alikuwa amejibana mpaka akapata mbuzi jike, naye akazaa. Sasa walikuwa watatu. Ruzuku ikikatwa atauza mmoja ale, kisha mwingine, na mwakani atakuwa pale pale alipoanzia.

Akawaswaga hadi bondeni, akawafunga kwenye matete nyuma ya dungu la kulindia mpunga. Njiani akirudi, shemeji yake Muhidini alimwonya kwamba mto umepanda na mamba ameonekana upande ule. Warda akasema anawaacha kidogo tu.

Ofisa aliyekuja alikuwa Consolatha, binti mpole aliyehamishiwa huku kutoka Songea. Akamwamkia, akaketi mkekani, wala hakuonyesha haraka. Akauliza habari za mtoto, za paa, za shamba. Warda alijibu huku akitupia macho bandani. Banda lilikuwa wazi na kinyesi hakukifagia.

"Mama, mifugo unayo?"

"Sina, mwanangu."

Consolatha akatazama banda, kisha akamtazama yeye. Binti akainama, akaandika, halafu akaomba maji ya kunywa na kuendelea kukaa.

Alipoaga, Warda alimsindikiza kwa macho hadi pikipiki yake ikapotea nyuma ya migomba, kisha akatoka mbio. Bondeni kulikuwa kimya. Maji yalikuwa yamefika kwenye matete. Kamba mbili zilikuwa zimekatika, na tope limevurugika vibaya. Mbuzi wa tatu alisimama majini, kamba imemzonga shingo, anatetemeka bila kulia.

Warda akasimama ukingoni. Maji yalikuwa mazito kwa udongo, hayaonyeshi kitu chini yake. Kila tete lililotikisika lilimrudisha nyuma. Mwishowe akaingia, maji yakimfika magotini, akisoma dua kwa sauti. Vidole vilikataa kufungua fundo. Akaling'ata kwa meno. Hakugeuka nyuma mpaka alipofika dunguni na mbuzi wake.

Jioni Muhidini akamshauri aende akaseme ukweli.

"Ukweli upi, shemeji?" Warda akamjibu. "Nikisema nilikuwa nao, nitatolewa kwa mbuzi walioliwa."

Hakwenda. Jina lake likabaki kwenye mpango. Yule mbuzi akamuuza wiki ile ile, maana hakuthubutu tena kumfunga uani wala bondeni. Ruzuku iliyofuata ilipokuja, jirani yake Johari alimtafutia mbuzi mtamba wa bei nafuu, akakataa. Akanunua mchele, mafuta na sukari, vitu vya kuisha kabla mtu hajabisha hodi.

Na pikipiki ikipita njiani, aliacha alilokuwa akifanya, akasogea dirishani kuchungulia ni nani.