Nyumba ya Badru Yenye Matairi

Tangu astaafu ualimu, Badru hakukaa akatulia. Miezi minne alishinda uani kwake Visiga akiligeuza gari kuukuu aina ya Noah liwe nyumba ya kuzungukia nchi mwaka mzima. Kitanda akakiwekea droo chini, jiko la gesi akalifunga kwa nati, sahani akazibana kwa mpira wa tyubu zisigongane njiani. Kila asubuhi alibomoa kidogo, akapanga upya.

Siku ya safari alipitia Kurui kumuaga shangazi yake, Bi Mwamini. Injini hakuizima.

"Shikamoo, shangazi. Nina haraka."

"Marahaba, baba. Kwani unafukuzwa na nani?"

Badru akamfungulia droo moja moja, kifua mbele: kijiko chake, kikombe chake, mto wake.

"Kila kitu kina mahali pake," Bi Mwamini akasema, akitafuta pa kuutua ungo wa mihogo aliomletea. "Na mgeni akija, anakaa wapi?"

Badru akatazama. Hapakuwa na pa kuketi hata paka.

"Basi hii si nyumba, mwanangu. Ni kabati."

Badru akazima injini. Akatafuta bisibisi.