Kufiwa Si Kuumwa

Modesta wa Nyamisangura alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko chumvi: kufiwa si kuumwa. Ujanani alimzika mtoto wake wa kwanza, Benedicto, akalala akitazama ukuta. Alipopelekwa zahanati, tabibu alimwambia, "Mama, huu ni msiba. Nenda nyumbani, utapita." Ukapita kweli, baada ya kumtafuna miaka miwili, na tangu hapo Modesta akawa anajisifu kwamba alisimama mwenyewe, bila kidonge wala sindano.

Sasa mdogo wake, Agustina, alikuwa amefiwa na mume huko Mbalibali. Matanga yalipoanuliwa, Modesta akamchukua wakae wote kwake Nyamisangura, mjini Tarime. Alijua atakavyomponya: ugali wa mtama, dagaa wa kukaanga, na vitendawili, maana hawa wawili walitegana tangu wakichunga ndama.

"Kitendawili!"

Agustina akageukia ukuta.

"Kitendawili, we mwana! Haya, nakitega hivyo hivyo. Mapacha wangu wanaishi kilima kimoja, hawajawahi kuonana."

Ni macho hayo, hata mtoto wa chekechea anajua.

"Nakupa mji, dada," Agustina akasema bila kugeuka. "Chukua wowote."

Modesta akashtuka. Huyu zamani alikuwa haachii hata kitongoji. Kumnyang'anya mji wa Mugumu ilikuwa ubishi wa kutwa. Gauni lake nalo likaanza kumvuka mabegani. Modesta akampeleka zahanati, akidhani ni minyoo.

Nesi Faudhia, binti wa kutoka Lindi, akawaamkia shikamoo, akawakalisha, akauliza polepole. Usingizi je? Chakula? Kuna kitu bado kinakufurahisha? Unawaza kufa?

"Kufa siwazi," Agustina akajibu. "Ila kuamka nako sikutaki."

Faudhia akamgeukia Modesta. "Bibi, hii ni sonona, na inatibika. Atakuja kila Alhamisi tuongee naye, na daktari ataangalia kama anahitaji dawa."

"Sonona gani! Huyu kafiwa, mwanangu. Kufiwa si kuumwa."

"Kweli, bibi, wengi wanaofiwa hawaumwi. Wanalia, kesho kuna kitu kinawachekesha, wanaendelea. Ndiyo maana zamani mwongozo wa madaktari ulisema aliyefiwa karibuni tusimhesabu mgonjwa. Ukabadilishwa. Siku hizi msiba hautuzuii kuangalia, maana mtu anaweza kufiwa na kuumwa vilevile."

"Kwa hiyo wakubwa wanakaa, wanaandika, na mtu aliyekuwa mzima jana leo anaumwa?"

"Mtu ni yule yule, bibi. Ni sisi tuliokuwa tunamrudisha nyumbani."

Modesta akakwapua mkoba. "Twende, Agu. Mimi nilisimama mwenyewe, na wewe utasimama."

Agustina hakuinuka.

"Dada, hukusimama mwenyewe."

"Unasemaje?"

"Nilikuwa nakulisha uji kwa kijiko. Nilikuwa darasa la sita, nikakosa shule muhula mzima. Nakukokota mpaka uani upate jua, ukiachwa unarudi ukutani. Mimi sina mdogo wa kunikokota. Niache nitibiwe."

Modesta akakaa. Miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza uji ule ulipikwa na nani. Sasa ukamrudia mdomoni: uji wa ulezi, wenye harufu ya moshi na mabonge ya mpishi asiyejua kukoroga.

"Ulikuwa na mabonge," akasema.

"Nilikuwa mtoto, dada!"

"Na mimi je, nesi? Kwa mwongozo wako huu wa sasa?"

Faudhia akafikiri. "Siwezi kumpima mtu wa miaka arobaini iliyopita, bibi. Ila kwa ninayoyasikia, leo nisingekurudisha hivi hivi."

"Kumbe niliumwa bila ruhusa!" Modesta akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Agustina akamshika mkono. Ule mkoba ukarudi chini.

Alhamisi wanakwenda wote. Kuna Alhamisi Agustina hulia njia nzima, na kuna nyingine hununua karanga na kumnyima dada yake. Usingizi umeanza kumjia. Juzi aliionja mboga akasema imezidi chumvi, wakagombana vizuri kabisa, na Modesta akalala na furaha. Sasa anadai kurudi Mbalibali, eti mahindi yake yamemezwa na magugu.

"Utakwenda nesi akisema," Modesta anamjibu. "Hutoki hapa bila ruhusa ya nesi."