Makombora ya Brigedia Onsongo

Meja Persis Nyanchoka alifika Nyacheki Ijumaa jioni. Aliegesha gari nje ya lango la Brigedia Onsongo, na kabla ya kushuka akajikumbusha jambo alilokuwa akijikumbusha tangu avuke Narok: hakuja kubembeleza. Amekuja kusema.

Wawili hao walikuwa katika kamati moja ya maafisa watano. Jeshi la anga lilikuwa linanunua helikopta mpya za mashambulizi, na ndege yenyewe ilikwisha kuchaguliwa. Kilichobaki ni silaha zake, na hapo ndipo kamati ilipogawanyika. Brigedia, aliyekuwa mwenyekiti, alitaka kila ndege ibebe makombora kumi na sita ya kuvunja vifaru, na rada kubwa juu ya pangaboi. Persis alitaka mzinga mzuri wa puani, roketi, kamera za kuonea gizani na makombora machache tu. Wengine wawili walimfuata mwenyekiti. Wa tano aliangalia upepo. Jumanne wangetia saini.

Angeweza kungoja hiyo Jumanne. Lakini Onsongo ndiye aliyemtuma chuo cha urubani, wakati wenzake walipokuwa wakisema binti huyu wa Nyamira atafaa zaidi stoo. Mtu wa namna hiyo humwambii hapana kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Unamfuata kwake.

Brigedia alitoka kwenye shamba la chai akiwa na gamubuti na kofia kuukuu. Akamtazama Persis, akatazama jua.

"Najua kilichokuleta, Meja," akasema. "Na jua linazama. Sabato ikiingia, mimi sizungumzi mambo ya silaha. Kaa, ule, upumzike. Yatangoja."

"Nitangoja, afande."

Akangoja. Usiku ule alikula ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, na mazungumzo yalikuwa ya mvua na bonasi ya chai. Kesho yake alikwenda kanisani na wenyeji wake, akakaa kwenye benchi na akina mama. Baada ya ibada watu walimzunguka Brigedia nje, wakimsalimia kwa mikono miwili. Mzee mmoja akamwuliza kama ni kweli ndege mpya zitapita juu ya Kisii siku ya sherehe, zikiwa zimebeba mabomu yake yote, watoto waone. Brigedia akacheka tu. Persis akaona jinsi kicheko kile kilivyowafurahisha watu, akaelewa kwamba anayetaka kupingana na mtu huyu hapingani na mmoja.

Mchana, walipokuwa wakiosha vyombo, Roselyne, mke wa Brigedia, alimsogelea.

"Umekuja kugombana na mzee."

"Nimekuja kutofautiana naye, mama."

"Ni hayo hayo." Roselyne akasuuza sahani, akaiinamisha. "Sikiza nikwambie. Alipokuwa luteni walipelekwa nchi ya watu kulinda amani. Asubuhi moja, kwa ukungu, likatokea gari la deraya lenye mzinga, kama kifaru. Wao walikuwa na bunduki za mkono tu. Zilikuwa kama kutupia ng'ombe mahindi. Aliwazika vijana wake hapo, mpaka leo haongei juu yao. Hayo makombora si ufahari. Usimwambie ni ufahari, utamkosea."

Persis hakuwa amelijua hilo. Alikausha vikombe, na kwa mara ya kwanza tangu aanze safari moyo wake ukalegea. Ni rahisi kumpinga mtu mwenye majivuno. Huyu alikuwa na makaburi. Lakini na yeye Persis alikuwa na siku yake, na siku hiyo haikuwa imelegea hata kidogo.

Jumapili, umande ukiwa bado haujakauka, Brigedia alimkuta kwenye mistari ya chai.

"Bwakire, Meja," akamwamkia. "Haya. Sema."

Persis akasema. Akaanza na uzito. Makombora yote yale pamoja na rada ni mzigo, na kwenye joto la kaskazini hewa ni nyepesi, ndege haiinuki vizuri. Ili iinuke, lazima upunguze kitu, na kitu pekee unachoweza kupunguza ni mafuta. "Ukipunguza mafuta, afande, unafika mahali pa vita, unageuka, unarudi."

"Karatasi za muuzaji hazisemi hivyo."

"Walipima kwao, kwenye baridi, karibu na bahari. Mimi siendi kupigana huko."

Brigedia alichuma majani mawili na kichipukizi, akayashika kiganjani bila kuyatupa popote. "Na siku vifaru vitakapovuka mpaka? Utavikimbiza kwa mzinga wa puani? Tahadhari kabla ya hatari, mwanangu. Silaha hainunuliwi siku ya vita."

"Ni kweli. Na hatari ambayo tayari iko mlangoni, tunaifanyaje?" Persis akajitahidi sauti isipande. "Siku ile msafara wetu ulipovamiwa kule vichakani, mimi ndiye niliyekuwa juu. Nilikuwa nimepakiwa makombora tu. Adui na askari wetu walikuwa karibu karibu, kama watu wanaogombea mlango mmoja. Ningefyatua, ningewaua wote. Nilichofanya ni kushuka chini chini na kuwapigia kelele ya injini, nikirudi tena na tena, mpaka mafuta yakanifukuza. Nikaondoka na makombora yangu yote. Nilirudi nayo nyumbani, afande. Hakuna hata moja lililopungua."

"Nilisoma ripoti."

"Ripoti haisemi ilivyokuwa kuondoka."

Ng'ambo ya bonde lori la kiwanda lilikuwa linapanda mlima likikoroma.

"Unataka nini hasa?" Brigedia akauliza.

"Ndege zije zikiwa na nyaya na mabawa tayari ya kubeba makombora. Tununue machache, marubani wajifunze, ghala lisiwe tupu. Siku vifaru vikionekana, tutaongeza. Rada tuiache. Nafasi yake na uzito wake tuvipe mzinga, kamera na mafuta."

"Hapana," akasema Brigedia. Alilisema polepole, kama mtu anayefunga mlango bila kuubamiza. "Nilishawahi kuambiwa tutaongeza baadaye. Baadaye haikufika."

"Basi Jumanne nitapinga. Kwa maandishi."

Uso wa Brigedia ukabadilika. "Mimi ndiye niliyetia saini karatasi zako za chuo, Persis."

"Ulitia saini nirushe ndege, afande. Hukutia saini nikuitikie kila neno."

Hakulirudisha neno hilo. Brigedia akageuka, akatembea mpaka mwisho wa mstari wa chai, akasimama huko akiwa amempa mgongo. Alipokaa sana, akarudi.

"Unapitia Ogembo?"

"Napitia. Nataka kumsalimia Duke Ogari."

"Nibebe. Nina mbolea ya kuchukua."

Duke Ogari alikuwa sajini katika msafara ule. Mguu wake wa kulia ulibaki kule vichakani, na sasa alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Ogembo, mabati na misumari na rangi. Alimwona Persis, akainuka kwa mguu wake wa bandia akitabasamu. Alipomwona aliyekuja nyuma yake, tabasamu likafutika na mkono ukapanda kichwani kwa saluti.

"Shusha mkono, Sajini. Mimi leo ni mnunuzi wa mbolea," Brigedia akasema. Alikaa juu ya gunia la saruji, akauliza habari za watoto, akauliza biashara. Kisha, bila kumtazama Persis, akauliza: "Ukiwa chini pale, mnapigwa, ndege inakuja. Wewe ungependa iwe imebeba nini?"

Persis aliona mtego ulivyotegwa, lakini hakujua umetegewa nani. Jambo hili hakuwa amelizungumza na Duke hata siku moja.

Duke alifikiri. "Afande, kama kuna kombora la kuwamaliza wote wale, leteni hilo kombora. Sitakataa."

Brigedia akageuza kichwa kidogo upande wa Persis.

"Lakini mimi nikiulizwa kwa ukweli," Duke akaendelea, "ningependa ikae. Ibebe inachobeba, lakini ikae. Ikiwa juu, wale watu walikuwa wanalala chini. Hata hawakuinua kichwa. Huyu Meja alipoondoka, ndio waliinuka." Akagonga mguu wa bandia kwa kifundo cha kidole. "Hapo ndipo huu ulikwenda. Si kosa lake, mafuta ni mafuta. Ila ule muda kutoka ndege iende hadi nyingine ifike... huo sitausahau."

Mteja aliingia kutafuta kufuli, Duke akamhudumia, akarudi. Brigedia alilipia mbolea yake, akamshika Duke bega, akatoka nje. Mwendesha boda boda alikuwa anafunga magunia nyuma ya kiti kwa mpira, na Persis akasimama kando ya Brigedia akingoja neno.

"Amenipa mimi nusu na wewe nusu," Brigedia akasema.

"Amesema alichokiona, afande."

"Bado naviona vifaru vyangu."

"Najua. Mama aliniambia. Sikuja kusema havipo."

Brigedia akapanda boda boda mbele ya magunia yake, mtu mzima na nyota zake zote kabatini, akaondoka bila kuaga.

Jumanne Persis aliingia kikaoni na pingamizi lake likiwa limechapwa. Hakupata nafasi ya kulitoa. Mwenyekiti alifungua kwa sala, akakohoa, akasema kuwa hatatia saini siku ile. Muuzaji ataleta ndege yake kaskazini, kwenye joto la mchana, ibebe kila kitu alichoandika kwenye karatasi, na afisa wa kamati hii ndiye atakayeirusha. "Meja Nyanchoka," akasema, bila kumtazama. "Na mimi nitakaa kiti cha pili."

Mmoja wa maafisa akalalamika kwamba hilo litachelewesha mambo. "Lichelewe," Brigedia akajibu.

Muuzaji alipoleta ndege, wakaruka. Ndege iliinuka kwa shida, ikiburuta vumbi la uwanja wote, na mikono ya Persis ilihisi uzito ule kama mtu anayebeba mgonjwa mgongoni. Walifika juu ya vilima vilivyowekewa alama kuwa ndipo adui alipo. Persis akaanza kuzunguka. Hakuwa amemaliza kuzoea ardhi pale taa ya mafuta ilipowaka, nyekundu, na kengele ikalia masikioni mwao wote wawili.

"Zunguka tena," Brigedia akasema.

"Siwezi, afande. Tukizunguka tena hatufiki uwanjani."

Alimsikia akivuta pumzi kwenye kipaza sauti. Chini yao hapakuwa na mtu yeyote, ni mawe na miti ya miiba, lakini Brigedia alikuwa ameinamia dirisha akiyaangalia mawe yale mpaka yakapotea nyuma ya mkia.

Kesho yake wakarudia, safari hii bila rada, makombora manne, mzinga ukiwa umejaa na matangi yamejaa. Walizunguka mpaka Brigedia mwenyewe akasema inatosha.

Kamati haikumpa Persis kila kitu. Brigedia aliiondoa rada, akakubali mzinga na kamera, akakubali nyaya na mabawa tayari. Lakini makombora ya ghalani aliyataka maradufu ya yale aliyoyaomba Persis, na hapo alisimama kama mti. Walibishana asubuhi nzima mbele ya wenzao, sauti zikipanda, na hakuna aliyeshangaa tena kumwona meja akimkatalia brigedia. Mwishowe kura zikapigwa. Kwenye makombora Persis akashindwa. Akatia saini, na chini ya jina lake akaandika sentensi mbili kueleza kwamba katika hilo moja hakubaliani.

Brigedia alizisoma, akampitishia afisa wa pembeni kalamu.

"Mwaka ujao mimi nastaafu," akamwambia Persis walipokuwa wakikusanya vitu vyao. "Watakaoletewa ndege hizi hawajui mzinga huo kazi yake. Nani atawafundisha?"

"Mimi, afande."

"Basi anza. Usingoje zifike."

Jumatatu iliyofuata, kabla jua halijakaza, Persis alikuwa amesimama uwanjani mbele ya marubani wake wapya, ndege kuukuu nyuma yake ikiwa imefunuliwa tumbo. Aliwaambia wavue saa na pete, wakunje mikono ya ovaroli, waje karibu; somo la kwanza lilikuwa la mzinga.