Jicho la Kushoto Kwanza

Kwa miaka kumi na miwili mume na mke hawa walitenganishwa na ukuta mmoja tu wa hospitali. Upande huu mume alipima macho. Upande wa pili mke alisaga lenzi na kuzitia kwenye fremu. Katikati palikuwa na kidirisha, na hapo zilipita karatasi za vipimo na, siku ambazo mkuu wa idara hayupo, utani. Mume walimwita Mashoto, kwa ajili ya mkono aliotumia kuandika. Mke walimwita Fundi, naye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Mashoto alikuwa mpimaji hodari, ila alikuwa na kasoro moja ambayo hakuna aliyeijua isipokuwa mkewe. Desturi ya kazi ni kuandika vipimo vya jicho la kulia juu, vya kushoto chini. Yeye alianza na la kushoto, tena bila kuweka alama yoyote. Akikumbushwa alijirekebisha siku mbili, ya tatu akarudi palepale. Fundi alichoka kusema. Akawa anageuza mwenyewe huko upande wake, kimya kimya, na miwani ikatoka sawa. Ndoa nyingi huendeshwa hivyo hivyo.

Wazo la kuacha kazi na kufungua duka la miwani lilikuwa la Mashoto, na hilo tusilisahau. Ndiye aliyelileta mezani, akichora kwa kidole: hapa kiti cha kupimia, hapa kibao cha herufi, hapa mashine yako ya kusagia, na safari hii hakuna ukuta. Aliyeogopa ni mke.

"Tuache kazi wote wawili? Tukianguka tutashikwa na nani?"

Mashoto akacheka. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, mke wangu. Tunaingia pamoja."

Barua za kuacha kazi waliziandika siku moja, kwenye meza moja. Jumatatu asubuhi Fundi alipeleka yake. Mashoto alisema angepeleka yake mchana, akishamaliza wagonjwa waliokuwa kwenye foleni. Jioni mkewe akamuuliza, "Umepeleka?" Akajibu, "Nimepeleka." Wakakumbatiana jikoni mpaka mboga ikaungua, na wakaila hivyo hivyo imeungua, wanacheka.

Duka likafunguliwa, chumba chembamba kati ya mshona nguo na muuza vipuri vya baiskeli. Kiti kikawekwa, kibao kikatundikwa, mashine ikafungwa. Kilichokosekana ni mpimaji. Mashoto alisema duka halijitangazi lenyewe: kwa majuma ya mwanzo yeye angezunguka mashuleni na viwandani, azungumze na watu, awaelekeze kwa mkewe. Kila asubuhi alitoka na mkoba wake. Na kweli watu wakaanza kuja, mmoja mmoja, huyu mkono wa miwani umevunjika, yule skrubu imedondoka. "Tumeelekezwa," walisema. Fundi akafarijika kwamba mwenzake anachapa kazi. Jioni alimchemshia maji akamkanda miguu, maana mtu anayezunguka mji mzima kwa ajili yako humwachi alale na miguu imevimba.

Alhamisi ya juma la nne akaingia bibi mmoja, fimbo mkononi na hasira usoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Niokoe. Miwani hii nimepewa hospitali juzi, na tangu niivae ngazi moja naiona mbili. Jana nimelisalimia koti lililotundikwa ukutani, nikaligombeza kwa kutoitikia."

Fundi akacheka, akaipokea miwani, akaomba karatasi ya vipimo. Bibi akaichomoa kutoka kwenye mkoba, imekunjwa mara nne.

Mwandiko aliujua kabla hajaikunjua yote. Herufi zimelalia nyuma, saba ina mstari katikati. Jicho la kushoto lilikuwa juu. Akatazama tarehe, ikasema Jumatatu. Akahesabu kwa vidole, mtu mzima na akili zake, asije akawa amekosea. Ilikuwa Jumatatu ya juma hilohilo.

"Aliyekupima ni nani, bibi?"

"Baba mmoja mpole, anaandika kwa mkono wa kushoto. Muungwana kabisa. Aliyeharibu ni yule binti wa dirishani, nadhani alikuwa na haraka."

Binti hakuharibu kitu. Aliifuata karatasi kama alivyofundishwa, akatia ya juu kulia na ya chini kushoto, kwa kuwa hakuwa ameolewa na aliyeiandika. Fremu ilikuwa ya mviringo, kwa hiyo kazi ilikuwa ndogo: Fundi alizitoa lenzi, akazibadilisha pande, akazipanga sawa, akakaza. Robo saa. Bibi akaivaa, akasimama mlangoni, akasoma bango la ng'ambo ya barabara herufi kwa herufi kwa sauti kubwa hata muuza vipuri akatoka kuona kuna nini. Kisha akageuka na kumtazama vizuri aliyemponya.

"Mbona unalia wewe, na niliyekuwa sioni ni mimi?"

"Vumbi la lenzi, bibi."

Alipobaki peke yake Fundi alikaa kwenye kiti cha kupimia, ambacho hakuna aliyekuwa amekikalia tangu kinunuliwe. Alitaka kuwa na hasira, ikakataa kuja. Kilichomuuma kuliko vyote ni ile miguu. Zaidi ya majuma matatu amekanda miguu ya mtu aliyeshinda kutwa ameketi.

Alasiri Mashoto akaingia, akatupa mkoba, akashusha pumzi. "Leo nilikuwa kiwandani, kule kwa wafuma magunia. Watu kibao! Miguu hii si yangu, mke wangu."

Fundi alimwacha amalize, hata idadi ya magunia akaisikiliza. Kisha akampa karatasi.

"Binti wa watu hakujua," alisema Fundi. "Weka alama. Wazee wataanguka kwenye ngazi."

Mashoto aliitazama karatasi, akauona mwandiko wake. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia hapo, mbele ya kibao cha herufi.

"Barua yako iko wapi?"

"Sikuipeleka. Mara mbili niliishia mlangoni kwa mkuu, ya tatu nikaingia nayo mfukoni. Nilishindwa."

"Wenzetu kazini wanajua?"

"Wanadhani tulikubaliana mimi nibaki."

"Ungeniambia umeogopa," alisema Fundi. "Mimi niliogopa mbele yako, sikuona aibu. Tungeogopa wote wawili. Ningekupenda vilevile."

Na alikuwa anasema kweli. Lau Mashoto angeishia hapo, angesamehewa kabla jua halijazama. Lakini mtu aliyebanwa na uongo wake, akifunguliwa mdomo hajui pa kuufunga.

"Lakini sikukutupa. Wateja wako wote ni mimi ninayewaelekeza, palepale hospitali. Na nafasi yako ipo, usiwe na wasiwasi. Yule binti ni wa muda tu. Nilimwomba mkuu asiijaze. Nilimwambia, nipe miezi mitatu, mke wangu atarudi."

"Ulimwambia lini?"

"Siku ileile uliyopeleka barua. Mchana." Alilisema kwa fahari kidogo, mtu aliyemwekea mwenzake akiba.

Mchana. Basi jioni ile jikoni, wakati anamkumbatia na mboga inaungua, mwenzake alikuwa tayari ameshampangia siku ya kurudi. Ilimjia polepole, na ilipomfika yote, moyo ukamvunjika, wala hakuna neno jingine la kulieleza jambo hilo. Hakuachwa njiani kwa woga. Aliachwa kabla ya kuanza, na mtu aliyekuwa na hakika kwamba hafiki.

"Ulikuwa unangoja nishindwe."

"Nilikuwa nakulinda."

"Hukuwahi kuniamini hata siku moja?"

Mashoto akaikunja karatasi ya bibi mara nne, kama ilivyokuja. Angeweza kudanganya hapo, na safari hii mkewe angeushukuru uongo wake. Hakudanganya.

"Hodi!" Alikuwa kijana wa kupaka rangi, mikono imejaa nyeupe, amekodoa macho ndani. "Samahani, mnapima macho hapa?"

Mashoto aliinuka kabla hajafikiri, akashika mgongo wa kiti, akakigeuza kuelekea kwenye kibao kama alivyofanya maisha yake yote. "Karibu, kaa hapa—"

"Hapa natengeneza miwani tu, ndugu yangu," Fundi alimwahi. "Kupimwa, nenda hospitali. Kuna mpimaji mzuri sana pale, mpole, hutajuta. Utamkuta tu. Yupo kila siku."

Aliyasema bila kejeli, kwa sauti anayowaelekezea watu wote njia, na Mashoto akakiachia kiti.